CD ya MRI ina nini ndani? Jinsi kompyuta inavyopima ubongo

Mama mmoja aliingia kwenye steshenari jirani na soko la Majengo, hapa Dodoma, akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Mimi nilikuwa pale nasubiri fomu zangu zichapishwe. "Mbukwa," akasalimu, kisha akatoa CD na kumkabidhi kijana wa kompyuta. "Mwanangu, naomba unifungulie hii, ni picha ya kichwa cha kaka yako." Kijana akahangaika kutafuta kifaa cha kusomea CD, maana laptopu za siku hizi hazina tena tundu lake. Akaiingiza, akasubiri, akakunja uso. Mbele yake kulikuwa na folda ndani ya folda, na mwisho wa safari mafaili zaidi ya mia mbili yenye majina kama IM00001, IM00002, bila picha hata moja. "Mama, hapa hamna picha. Hivi ni virusi tu."

Havikuwa virusi. Kwa kuwa kibarua changu ni kuwasakinishia watafiti programu za kuchambua picha za namna hiyo hiyo, nikajikuta nimevuta kiti, na fomu zangu nikazisahau. Mama alikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa anayeanguka kifafa. Amefanyiwa MRI, daktari amesema picha haina tatizo. Jirani akamwambia siku hizi kuna programu ya akili mnemba inayoona alichokikosa daktari. Shemeji yake naye akasema hospitali wakikosa kitu ujue ni mambo ya kienyeji. Sasa amsikilize nani?

Maneno kama hayo nayasikia kwenye daladala, msibani, hata kwa watu waliosoma. Ukimwuliza msemaji MRI ni nini hasa, au hiyo programu inafanya nini, anaanza kupapasa. Basi tuanzie kwenye mashine yenyewe.

MRI ni sumaku. Hospitalini utaelekezwa "nenda mionzi", nawe ukadhani unakwenda kupigwa miale. X-ray na CT hutumia miale hiyo kweli, MRI haitumii. Mashine iliyozoeleka ina nguvu ya Tesla 1.5, takriban mara 30,000 ya sumaku ya dunia inayogeuza mshale wa dira, ndiyo maana mkanda, simu na funguo vinabaki mlangoni. Mwili wetu umejaa maji, na maji yana hidrojeni. Sumaku huzipanga hidrojeni, mawimbi ya redio huzitikisa, na zinaporudi kwenye mpangilio wake hutoa mwangwi hafifu unaonaswa na mashine. Zilizo ndani ya mafuta, ndani ya nyama ya ubongo na ndani ya uvimbe hazirudi kwa mwendo mmoja. Tofauti hiyo ndiyo inayoleta weupe na weusi kwenye picha. Na zile kelele zinazowatisha wagonjwa, kama mashine ya kusaga iliyolegea mkanda, ni koili za ndani zinazotetemeka umeme unapobadilishwa kwa kasi. Mtu wa kwanza aliingizwa kwenye mashine ya aina hii mwaka 1977, na Paul Lauterbur na Peter Mansfield wakapewa Nobeli ya tiba mwaka 2003 kwa kuonyesha namna mwangwi huo unavyogeuzwa picha.

Kwa hiyo MRI haipigi picha kama simu inavyopiga. Inakusanya namba. Chukua mkate wa slesi: kila slesi ni picha moja ya kichwa kilichokatwa mlalo. Sasa kila slesi ikate vipande vidogo vyenye urefu, upana na kina, mithili ya vitofali. Kitofali kimoja wataalamu wanakiita vokseli, na kila kimoja kimepewa namba moja tu: mwangwi wa hapo ulikuwa mkubwa kiasi gani. Picha nzuri ya utafiti inaweza kuwa na vitofali 256 kwa 256, slesi 170, jumla zaidi ya milioni 11. Kikiwa na milimita moja kila upande, ubongo wenyewe unachukua kama milioni moja na laki mbili. Vilivyobaki ni fuvu, ngozi, macho, ulimi, na hewa tupu.

Namba hizo, pamoja na jina la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa na vipimo vya mashine, hufungwa kwenye mafaili ya mtindo unaoitwa DICOM. Kompyuta ya pale steshenari haikuwa na programu ya kuusoma, basi. Ni kama kushika kaseti ya muziki na kuitazama juani ukitarajia kuusikia wimbo.

Neno "programu" lenyewe linachanganya watu kwa sababu linabeba kazi ambazo hazifanani. Ipo ya kutazamia tu: inafungua DICOM, inakupitisha slesi moja baada ya nyingine, inaongeza mwanga. Hiyo ndiyo anayoitumia daktari bingwa wa radiolojia kila siku, na anayetafuta tatizo ni yeye, kwa macho yake na miaka yake ya mafunzo. Programu haitafuti kitu. Ipo ya kupimia, inayotoa namba: sehemu hii ya ubongo ina ujazo kiasi gani, ganda lake lina unene gani. Na siku hizi ipo iliyofundishwa kwa mifano mingi hadi ikaweza kubashiri yenyewe kitofali gani ni cha nini. Hapo ndipo jina la akili mnemba linapoingia. Jirani wa mama yule alizichanganya zote kwenye kapu moja.

Upimaji wa viwanja kichwani

Mtu wa Dodoma hahitaji kufundishwa upimaji. Tangu serikali ihamie huku, viwanja ndiyo salamu ya pili baada ya mbukwa. Kila mtu anajua kwamba pori halina viwanja mpaka mpimaji aje, afyeke, asome ramani, asimike bikoni. Programu za kupima ubongo, kama FreeSurfer iliyokuzwa Boston, FSL ya Oxford na SPM iliyoanzia London mwaka 1991, zinafanya kazi hiyohiyo. Zote tatu mtafiti anazipata bila malipo.

Kufyeka kwanza. Programu inaondoa fuvu, ngozi na macho ibaki na ubongo peke yake. Ni kama kumenya karanga: ukibana sana unavunja mbegu, ukilegeza unabaki na maganda. Nimeona matokeo ambayo kipande cha jicho kimehesabiwa kuwa ubongo, na kompyuta haikushtuka hata kidogo. Ikatoa namba yake safi yenye desimali nne. Ndiyo maana mtu makini hatazami jedwali kabla hajatazama picha.

Baada ya hapo inasawazisha mwanga, kwa sababu upande ulio karibu na kipokea mawimbi hung'aa zaidi, kama chumba chenye dirisha moja. Ndipo inagawa: hiki ni kijivu, yaani sehemu zenye seli za neva, hiki ni cheupe, nyaya zinazounganisha seli hizo, hiki ni maji yanayouzunguka ubongo. Mgawanyo unaonekana rahisi mpaka ufike mpakani. Kitofali kilichokaa nusu kwenye kijivu na nusu kwenye cheupe kina namba ya katikati, na programu lazima iamue ni cha nani. Kiwanja kimoja, hati mbili. Tunaoishi hapa tunajua kesi za namna hiyo zinavyochosha.

Mpaka huo ndio wenye thamani. Ganda la kijivu lina unene wa wastani wa milimita 2.5 tu, limekunjwakunjwa ili litoshe ndani ya fuvu. Ukilikunjua lingekaribia ukubwa wa kanga uliyoikunja nusu kwa nusu mara tatu. FreeSurfer inachora uso wake wa nje na wa ndani, kisha inapima umbali kati ya nyuso hizo mbili, mahali baada ya mahali. Kazi hiyo kwa kichwa kimoja huchukua saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha. Usiku mmoja niliacha vichwa sita vinaendelea, nikalala kwa raha. Saa tisa usiku umeme ukakatika, betri ya akiba ikahimili dakika kumi. Asubuhi nilianza upya, na sikumwambia mwenye data kwa siku mbili.

Mwisho inakuja ramani. Ili iseme "hapa ni hipokampasi", sehemu yenye umbo la farasi wa baharini inayohusika na kumbukumbu, programu inakunyoosha na kukubana wewe mpaka ulingane na kiolezo. Watu wengi hawaulizi kiolezo hicho ni kichwa cha nani. Ramani maarufu ya Talairach, iliyochapishwa mwaka 1988, ilichorwa kutoka kwenye ubongo wa mama mmoja Mfaransa wa miaka sitini aliyekwisha kufariki. Kiolezo kinachotumika sana sasa kilitengenezwa Montreal, Kanada, kwa kuchanganya picha za watu 152. Ni wengi kuliko mmoja, lakini hakuna Mgogo kati yao wala Mrangi. Ubongo wa binadamu ni ule ule kwa mpangilio wake, sisemi vinginevyo. Ila umbo la kichwa, lishe ya utotoni, umri na magonjwa aliyopitia mtu vinaweza kusogeza namba, na programu ikikuambia "ndogo kuliko kawaida" una haki ya kuuliza kawaida ya nani. Pale Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walishusha matrekta yao kulima karanga kwa hesabu zilizopigwa mbali. Udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukafa.

Mizani nayo ina mambo yake. Mwaka 2012 watafiti walichukua picha zile zile, wakazipitisha kwenye matoleo tofauti ya FreeSurfer na kwenye kompyuta tofauti, wakapata ujazo na unene unaotofautiana. Hakuna aliyekosea popote. Makadirio madogo madogo yalijikusanya. Kwa hiyo mtu akipimwa leo kwa programu moja na mwakani kwa nyingine, kisha akaambiwa ubongo umepungua, hiyo ni sawa na kupima gunia kwenye mizani mbili za sokoni na kumshtaki mpagazi. Halafu ubongo hupungua na umri kwa kila mtu. Kupungua peke yake si ugonjwa.

Na ukubwa si akili. Ubongo wa Albert Einstein ulikuwa na gramu 1,230, chini ya wastani wa wanaume. Watoto wenye vichwa vikubwa wanaosifiwa mtaani kuwa watakuwa maprofesa, tuwaache wacheze.

Rangi nyekundu na samaki mfu

Kosa kubwa zaidi linatokana na picha za rangi. Umeziona kwenye simu: ubongo wa kijivu wenye madoa mekundu na manjano, chini yake maneno "hapa ndipo mapenzi yanapokaa" au "ubongo wa mwongo". Watu wakaamini kuna mashine inayosoma mawazo.

Hizo ni picha za MRI ya utendaji, ambayo mzizi wake ni kazi ya Seiji Ogawa ya mwaka 1990. Damu yenye oksijeni na damu iliyotumia oksijeni yake haziitikii sumaku kwa namna moja. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu mpya inamiminika kuelekea huko, na mwangwi unabadilika kidogo sana, asilimia moja au chache. Tena inachelewa: kilele kinafika baada ya sekunde tano hivi. Fikiria umesimama juu ya kilima unatazama barabara ya vumbi. Unaliona wingu la vumbi, pikipiki imeshapita. Unaweza kubashiri imepita wapi, na pengine kwa kasi gani, lakini nani alikuwa juu yake na anakwenda kwa nani, vumbi halisemi.

Rangi haitoki kwenye mashine. Inapakwa na programu baada ya hesabu ya takwimu: kila kitofali kinaulizwa kama kilibadilika kuliko inavyotarajiwa kwa bahati nasibu, na kilichovuka kizingiti kinapakwa. Sasa ukiuliza vitofali laki moja na ukaruhusu kosa la asilimia tano, elfu tano vitajibu "ndiyo" bila sababu yoyote. Waulize wakazi wote wa jiji kama waliota mvua jana usiku. Asubuhi ikinyesha, utapata manabii wa kutosha.

Craig Bennett na wenzake wa Marekani walilionyesha hili mwaka 2009 kwa namna isiyosahaulika. Walimnunua samaki aina ya samoni, amekufa, wakamweka ndani ya mashine, wakamwonyesha picha za watu na kumtaka aeleze watu hao wanajisikiaje. Walipochambua bila kurekebisha makosa ya bahati nasibu, ubongo wa samaki ukawaka doa jekundu. Waliporekebisha, doa likatoweka. Mwaka 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha unafikirisha. Mwaka 2020 ikachapishwa kazi nyingine ambayo haichekeshi: vikundi 70 vya watafiti vilipewa data ile ile na maswali tisa yale yale. Hakuna vikundi viwili vilivyopita njia moja ya uchambuzi, na kwa baadhi ya maswali majibu yaligawanyika.

Sisemi fani hii ni uongo. Ninaipenda na inanilisha. Ninachosema ni kwamba doa jekundu ni hoja ya kitakwimu iliyovishwa nguo ya picha, na picha hushawishi watu kuliko inavyostahili.

Hapa Dodoma kuna jambo lingine. Mtu akibadilika tabia kidogo tu, utani ni kwamba apelekwe Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, na siku hizi wengine wanaongeza "wampige MRI waone wazimu uko wapi". Hauonekani hivyo. Sonona na skizofrenia hugunduliwa kwa daktari kuzungumza na mgonjwa, kumchunguza na kusikiliza historia yake. Picha huombwa ili kuhakikisha hakuna uvimbe, damu iliyovuja au kitu kingine kinachojifanya ugonjwa wa akili. Utafiti unaolinganisha makundi ya mamia ya watu unaona tofauti ndogo za wastani, lakini wastani wa kundi haumtambui mtu mmoja, kama wastani wa mvua wa mkoa usivyoweza kukuambia kama shamba lako la zabibu litapata maji wiki hii.

"Picha haina tatizo"

Nirudi kwa mama na bahasha yake, kwa sababu swali lake lilikuwa gumu kuliko yote haya.

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Wakati mwingine umeme huo unavurugwa na kitu kinachoonekana: kovu, uvimbe, mishipa iliyojisokota, au vifuko vya tegu wa nguruwe vilivyojificha kichwani, jambo linalojulikana vizuri katika maeneo ya kaskazini na kati ya nchi yetu yanayofuga nguruwe huria. Wakati mwingine hakuna kinachoonekana. Wagonjwa wengi wa kifafa wana MRI safi, na kifafa chao ni cha kweli kabisa. Nilimwambia mama afikirie nyumba ambayo taa zinazimika zenyewe usiku. Fundi anapiga picha ya kuta na nyaya, kila kitu kiko mahali pake. Je, taa hazizimiki? Zinazimika. Inabidi apime umeme wenyewe unavyotembea, na kwenye ubongo kipimo hicho kinaitwa EEG, zile nyaya nyingi zinazobandikwa kichwani. "Haina tatizo" ya MRI maana yake ni kwamba jengo halijabomoka. Haisemi lolote kuhusu mapepo, na dawa za kifafa zinafanya kazi hata kwa mwenye picha safi.

Jirani naye hakukosea kabisa, na hapa ndipo ilinibidi niwe mwangalifu. Programu zinazomsaidia bingwa kutafuta chanzo cha kifafa zipo. Kuna kasoro ndogo za ganda la ubongo ambazo mtu huzaliwa nazo, kukunjamana kidogo au unene usio wa kawaida, ambazo jicho zuri linaweza kuzipita. Mradi wa MELD, unaoongozwa na watafiti wa London, umetengeneza programu inayopima ganda hilo na kuelekeza kidole mahali penye shaka. Pia hipokampasi inaweza kusinyaa upande mmoja, na kupima kulia na kushoto kwa mtu huyo huyo kuna raha yake: huhitaji kawaida ya Montreal, jirani wa kiwanja ni yeye mwenyewe. Lakini programu hizo huelekeza kidole hata mahali pasipo na kitu, kwa hiyo lazima bingwa atazame tena. Na nyingi zinadai picha yenye vitofali vyembamba.

Hapo nikafungua taarifa za lile faili. Nilikuwa na programu ya kutazamia kwenye flashi. Unene wa slesi: milimita tano. Hivyo ndivyo hospitali nyingi zinavyopiga picha za kawaida, kwa sababu mgonjwa hawezi kulala kimya saa nzima na foleni iko nje. Kwa kutafuta uvimbe au kiharusi inatosha. Kwa kupima ganda la milimita 2.5, slesi ya milimita tano ni sawa na kutafuta sindano kwa reki. Zipo programu mpya za akili mnemba, kama SynthSeg, zilizofundishwa kuvumilia picha nene za aina hiyo na kutoa ujazo wa sehemu kubwa kubwa, na kwa nchi kama yetu naziona zina maana kuliko zile za usiku kucha. Hata hivyo haziwezi kuumba undani ambao mashine haikuunasa. Na FreeSurfer yenyewe imeandikwa waziwazi na wenyewe kuwa ni ya utafiti, si ya kumpa mgonjwa majibu.

"Kwa hiyo nimuulize nini daktari?" mama akauliza.

Nikamwandikia nyuma ya bahasha: je, kijana anahitaji EEG, je, kuna haja ya MRI nyingine yenye slesi nyembamba mahsusi kwa kifafa, na dawa anazomeza sasa zinatosha? Ya tatu nikaipigia mstari, maana alinidokeza kwamba dawa zilikuwa zinakatizwa kila shemeji anapokuja na mganga mpya.

Kijana wa steshenari, ambaye sasa alikuwa ameshapata hamu, akasema anaijua tovuti moja unapandisha CD yako na inakujibu papo hapo. Nikamwonyesha mstari wa juu wa faili: jina kamili la mgonjwa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya hospitali. Nikamwonyesha pia kwamba kutokana na slesi za kichwa kompyuta inaweza kuujenga uso wa mtu, pua na midomo, ndiyo maana watafiti hufuta uso kabla ya kupeana picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na taarifa za afya ni kati ya zile nyeti.

Mama alikuwa anatazama kioo. Nilikuwa nimesimamisha picha kwenye slesi inayopita machoni, duara mbili nyeupe zimekaa sambamba. "Hayo ni macho yake?" Nikamwambia ndiyo. Akasogea karibu, akatazama kitambo, kisha akamgeukia kijana wa kompyuta. "Basi usiyatume popote. Nitolee CD yangu."